Mtoto wa Nyoka Mbele ya Hakimu

Nililelewa nikiamini kwamba mwisho wa mtu hujulikana kwa kuangalia alikotoka. Imani hiyo sikuipata madrasa wala shuleni. Niliiokota mtaani, Ngamiani, Tanga, baada ya baba kufungwa kwa kosa la kuvunja ghala la watu. Nilikuwa mdogo, ila nilikwisha fika umri wa kuelewa wanayosema watu wazima wakidhani mtoto kalala. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Methali hiyo ilinifuata kila nilikokwenda. Kalamu ikipotea darasani, mkoba wa kwanza kupekuliwa ni wangu. Nikitumwa dukani, mwenye duka habandui macho mkononi mwangu. Wala sikuwachukia. Niliwaamini. Nilichokuwa nasubiri ni siku tu, siku ambayo huo unyoka ungejitokeza, kama mvulana anavyosubiri kuota ndevu.

Leo ni mwalimu wa Kiswahili mwenye mvi, na natoa ushuhuda huu kwa sababu kilichonitoa kwenye imani ile ni hadithi: filamu moja ya Kihindi, tamthilia moja ya Kigiriki na nyingine ya hapa kwetu. Hakuna hata moja iliyoniambia kwamba majaaliwa hayapo. Zote tatu zimejaa majaaliwa. Zilichonifanyia ni kunizoesha kuuliza: nani kasema kwamba jambo hili lazima liwe, kasema lini, na yeye mwenyewe alikuwa na uwezo gani wa kulizuia?

Aliyenilea ni shangazi, dada yake baba. Ujana wake aliula Unguja, na katika miaka ya 1950 yeye na mashoga zake walikuwa wakijitanda mabuibui kwenda kutazama picha za Kihindi. Iliyomkaa moyoni ni Awara. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1951, mwongozaji wake akiwa Raj Kapoor, ambaye pia ndiye mhusika mkuu pamoja na Nargis, na ilipendwa tangu Umoja wa Kisovieti hadi pwani yetu hii. Shangazi hakujua Kihindi zaidi ya maneno ya nyimbo, lakini filamu aliijua nzima. Jirani yetu aliponunua deki ya video, shangazi alikwenda kuazima kanda, akatuketisha mkekani, akawa anatusimulia kila tukio kabla halijafika.

Kisa kinaanzia mahakamani. Kijana Raj anashtakiwa kwa kujaribu kumuua Jaji Raghunath, na wakili anayemtetea ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji huyohuyo. Rita anamhoji jaji, na kwa maswali yake tunarudishwa nyuma. Zamani Raghunath alimtia hatiani mtu aitwaye Jagga kwa kosa ambalo hakulitenda. Baba yake Jagga alikuwa jambazi, na jaji alikuwa na itikadi yake: mtoto wa mwungwana huwa mwungwana, mtoto wa mwizi huwa mwizi. Jagga akatoka jela akiwa jambazi kweli, na kisasi moyoni. Akamteka Leela, mke wa jaji. Alipogundua kwamba ana mimba, akamrudisha bila kumgusa, maana sasa alichokitaka ni mtoto. Watu wakanong'ona, jaji akasikiliza, akamtilia shaka mkewe, akamfukuza. Mtoto akazaliwa barabarani, akakulia katika mabanda ya Bombay, na Jagga akamvizia hadi akamwingiza katika wizi.

Kuna mahali shangazi alisimamisha kanda. Raj bado ni mtoto, mama yake mgonjwa, ndani hamna chakula. Anaiba mkate, anakamatwa. Mara picha inaruka: yule mtoto sasa ni mwanamume mzima, yuko gerezani, anapokea mkate wa wafungwa na kuulalamikia kwa kutofika nyumbani siku ile alipouhitaji.

"Jaji kasema mtoto wa mwizi ni mwizi," shangazi akaniambia. "Haya, baba, huyu mwizi ni mtoto wa nani?"

"Wa jaji, shangazi."

"Nani kamfanya mwizi?"

Nikajibu kwamba ni Jagga. Akaguna. "Jagga kamfundisha tu. Aliyemtoa nyumbani kwao akiwa bado tumboni ni nani?"

Swali lile silisahau. Katika filamu nzima, anayeshikilia kwamba nasaba ndiyo inayoamua ni yule mmoja mwenye nafasi kubwa kuliko wote ya kuamua. Ana kiti cha mahakama, ana nyumba, ana neno linalosikilizwa. Angeweza kudai ushahidi kabla ya kumfunga Jagga. Angeweza kumwamini mkewe. Kila alipofika mahali pa kuchagua, alichagua, kisha akaita uchaguzi wake maumbile ya dunia. Gharama ikamwangukia mtoto ambaye nafasi yake ya kuchagua ilikuwa kati ya kuiba mkate na kumtazama mama yake akifa njaa. Hata hivyo filamu haimsafishi Raj. Mwishoni anahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, naye hajitetei. Anachoiomba mahakama ni kuwatazama watoto wengine wanaokulia kule alikokulia yeye.

Miaka mingi baadaye niligundua kinaya kimoja kinachonichekesha hadi leo. Filamu hii inayobishana na nasaba imejaa ukoo mmoja. Jaji Raghunath aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj mdogo aliigizwa na Shashi Kapoor, mdogo wake. Hakimu anayesikiliza kesi aliigizwa na babu yao. Mwenye kutetea damu anaweza kusema: si unaona, uigizaji umo katika damu! Mimi naona watoto waliokulia katika nyumba ambayo baba alikuwa na kundi lake la maigizo na mlango wa jukwaa ukiwa wazi. Kila mmoja wao ni Raj aliyepata mkate mapema.

Sasa, mtu akitoka upande mmoja kwa kasi, mara nyingi hapati breki hadi afike upande wa pili. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuwa mtu wa kusema kwamba kila mmoja anajipangia maisha yake na anayelalamika ni mvivu. Msimamo huo una raha yake, hasa kwa kijana aliyefaulu. Ndipo mkononi mwangu ikaingia tamthilia ya Sophocles iliyoandikwa Athens yapata miaka 2,400 iliyopita, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri na kuitoa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode.

Watu huisimulia kwa mkato: ilitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na ikawa, basi binadamu ni kikaragosi cha miungu. Ukiisoma taratibu unaona kwamba utabiri haukumshika mtu mkono. Laius, mfalme wa Thebes, aliposikia kwamba mwanawe atamuua, ndiye aliyetaka mtoto achomwe vifundo vya miguu, afungwe, akatupwe mlimani. Mchungaji aliyepewa kazi hiyo akaona huruma, akamkabidhi mwenzake wa Corinth. Mfalme wa Corinth akamlea kama wake na asimwambie neno. Edipode alipokuwa kijana, mlevi mmoja karamuni akaropoka kwamba yule si baba yake. Akawauliza wazee wake. Wakamkasirikia mlevi, lakini ukweli hawakuutoa. Akaenda kwa mtabiri wa Delphi kuuliza wazazi wake ni nani, na badala ya jibu akapewa utabiri. Akafanya ambalo mtoto mwema yeyote angefanya: akaapa kutorudi Corinth, asije akawadhuru waliomlea. Akashika njia iliyomfikisha Thebes.

Penye njia panda, barabara tatu zinapokutana, akakabiliana na gari la farasi lenye mzee ndani. Mzee na wafuasi wake wakataka kumwondoa njiani kwa nguvu. Edipode akampiga aliyemsukuma. Mzee akamngoja apite sambamba na gari, akamtandika kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama. Edipode akamuua yeye na wafuasi wake, akaponyoka mmoja. Hasira ilikuwa ya Edipode, pigo la kichwani lilikuwa la mzee, na mzee alikuwa baba yake.

Hapo msimamo wangu wa kila mtu kujipangia ukanishinda kuutetea. Edipode aliamua katika kila hatua, na uamuzi wake bora kuliko yote, ule wa kuwakimbia wazazi ili asiwadhuru, ndio uliomfikisha kwa wazazi. Utashi alikuwa nao. Alichonyimwa ni habari. Waliojua walinyamaza, kila mmoja kwa sababu iliyoonekana ya heri, na aliyemwambia kweli ni mlevi.

Halafu kuna ule mwisho. Ukweli ukisha kudhihiri, Edipode anajichoma macho. Wazee wa mji wanapomuuliza ni mungu gani aliyemsukuma, hakatai kwamba Apollo ndiye chanzo cha misiba yake, ila anasisitiza kwamba mkono uliopiga macho yale ulikuwa wake mwenyewe. Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwa baba.

Baba alikwisha toka kifungoni siku nyingi, akiishi kwa kuwashonea wavuvi nyavu. Jambo lile hatukuwahi kulizungumza. Nikamwambia, "Baba, watu mtaani husema ulikuwa umeandikiwa."

Akaweka uzi chini. "Kina nani hao? Wenzangu walinifuata baada ya alasiri. Ghala tulivunja usiku wa manane. Katikati hapo nilikula, nikaswali isha, nikajilaza. Muda wa kukataa nilikuwa nao, tena mwingi. Nyoka haulizwi kama atauma. Mimi niliulizwa, nikasema twende." Kisha akaongeza, "Usinipokonye jambo langu ukalipa nyota."

Baba hakuwa msomaji. Lakini kwa maneno yale alinifungua kuliko filamu na tamthilia pamoja, kwa sababu kosa likiwa lake, halikuwa damu. Kama alikuwa na saa zile za kukataa, basi hakukuwa na kitu cha kurithi. Unyoka niliokuwa nikiusubiri tangu utotoni ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja, usiku mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa akidai haki ya kuubeba.

Hadithi ya tatu nilikuwa nikiisomesha kabla ya kuielewa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kila mwanafunzi wa kwetu anajua kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, na kwamba alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Hussein alichokiona ni kitu kinachompata mtu baada ya neno kumtoka kinywani. Kinjeketile wa tamthilia anataka watu wangoje, wajipange. Hawangoji. Neno walikwisha lipokea, linawatosha, na yeye aliyelileta hana tena mamlaka nalo. Utabiri wake unamkamata yeye wa kwanza.

Mwishoni yuko mikononi mwa askari. Wanamtaka atamke kwamba maji yale yalikuwa uongo. Na yeye mwenyewe shaka imekwisha mwingia. Anakataa kutamka, kwa kuwa anajua kwamba kesho watoto wataambiwa waliopigania nchi yao walikosea. Vita hawezi kuirudisha nyuma, wala waliokufa hawezi kuwafufua. Iliyobaki kwake ni nafasi finyu kama jibu moja, naye anaitumia.

Nikiziweka hadithi hizi pamoja, napata jambo ambalo mjadala wa majaaliwa na hiari huwa unalificha. Tunabishana kana kwamba binadamu wote wana hiari ya kiwango kimoja: ama tunayo sote, ama sote hatuna. Hadithi nzuri hazisemi hivyo. Jaji ana uwanja mzima wa kuchagua. Edipode anachagua akiwa amefichwa habari. Kinjeketile kabakiwa na jibu moja. Mtoto mwenye njaa ana mkate au hana. Hiari haikugawanywa sawa, na mara nyingi wenye fungu kubwa ndio wanaowahubiria wengine kwamba yameandikwa.

Hili lilinikuta kazini, katika shule moja ya bweni niliyowahi kufundisha. Simu ya mwalimu ilipotea. Kikao cha nidhamu kikaitwa, na jina lililotajwa ni la kijana wa kidato cha tatu. Ushahidi haukuwepo, kilichokuwepo ni kaka yake aliyekuwa akitumikia kifungo kwa unyang'anyi. Mwenzetu mmoja, mtu mwema kwa mengine yote, akasema ni heri tumwondoe mapema kabla hajawa kama kaka yake. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimetazama na wanangu filamu ya Steven Spielberg, Minority Report, ya mwaka 2002, iliyotokana na hadithi fupi ya Philip K. Dick ya mwaka 1956. Humo polisi wa Washington ya mwaka 2054 wana watu watatu wenye maono, na wanakamata wauaji kabla hawajaua. Mkuu wa kikosi, John Anderton, anaona jina lake mwenyewe: atamuua mtu asiyemjua. Anafika kwa mtu huyo, bastola mkononi, sababu ya kuua anayo, na anajizuia. Yule mtu anakufa kwa risasi, lakini ni kwa sababu yeye mwenyewe alitaka afe na akaivuta ile bastola. Kisha inafichuka kwamba mwasisi wa mfumo wenyewe, mzee Burgess, alikwisha ua mwanamke ili mfumo usife. Aliyeuza majaaliwa ndiye aliyekuwa na siri ya hiari.

Basi pale kikaoni nikauliza: huyu kijana amefanya nini? Yeye, si kaka yake. Pakawa kimya. Mkuu wa shule akasema tunaijua familia ile. Nikajibu kwamba familia haikuitwa kikaoni. Nikawaambia pia kwamba tukimfukuza leo, akakaa mtaani bila shule na bila kazi, na baada ya miaka miwili akaiba, tutasema tulijua. Na kweli tutakuwa tulijua, maana sisi ndio tutakuwa tumepanga. Mjadala ulikuwa mkali. Kijana akabaki. Simu haikuonekana tena. Yeye alimaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida, akajifunza ufundi wa magari. Sidai kwamba nilimwokoa. Huenda angefika hapo kwa njia nyingine. Nasema tu kwamba siku ile kuchagua kulikuwa mezani kwetu, na tulikaribia kukuita nasaba yake.

Wengine huniuliza kama mambo haya hayagongani na imani yangu. Mimi ni Mwislamu, naamini kadari, na shangazi, Mungu amrehemu, alikufa akiiamini. Lakini mafundisho yaleyale tuliyosoma utotoni yanatutaka tumfunge ngamia kwanza ndipo tumtegemee Mungu. Nikienda msibani nasema ameandikiwa, na nasema kwa moyo wote, maana jambo limekwisha tokea na wafiwa wanahitaji mahali pa kuegemea. Majaaliwa yakisemwa baada ya jambo ni faraja. Yakisemwa kabla, juu ya mtoto aliye hai, ni hukumu, na aliyeitoa hana budi kuulizwa ameitoa kwa ushahidi gani. Ndivyo alivyokosa kuulizwa Jaji Raghunath hadi Rita aliposimama.

Kwa hiyo hata kufundisha kwangu kumebadilika. Zamani nilikuwa nikitoa swali la kawaida la mtihani: onyesha jinsi majaaliwa yalivyomwangamiza mhusika mkuu. Wanafunzi walikuwa wakiorodhesha ishara, ndoto na utabiri, nami naweka vema. Sasa nauliza: chagua mahali patatu katika kazi hii ambapo mambo yangeweza kwenda vingine, taja nani alikuwa na nafasi, alijua nini, na alifanya nini. Majibu yamekuwa marefu na ubishi umekuwa mwingi. Msichana mmoja alinibana kwa Laius: na yeye si alitishwa na utabiri, mwalimu, mbona unamtwika lawama? Darasa likagawanyika. Wapo walioona kwamba mtu aliyetishwa hana hiari. Wapo waliosema kwamba kutishwa ni kitu kimoja na kuchoma miguu ya mtoto mchanga ni kingine. Nami huwa sipunguzi alama za mtu kwa kuwa upande wa majaaliwa. Anayeyatetea hupata alama zake zote, mradi anionyeshe kwanza kwamba amewatafuta wote waliokuwa na la kufanya, na amewataja kwa majina.